Bakuli Lililorudi Tupu

Abdillah alipoingia uani alikuwa bado na vumbi la Miono, anakofundisha, kwenye viatu, na Naila alijua kabla hajafungua mdomo kwamba hakuja kwa heri. Siku nyingine zote huvua viatu mlangoni mwa kibanda cha kufinyangia, akatafuta kigoda, akauliza leo udongo umesemaje. Leo alisimama na viatu vyake, begi la ualimu begani, akaitazama rafu ya vyombo.

Mjini Bagamoyo vyombo hivyo waliviita viinimacho vya Naila. Palikuwa na kikombe kilichoonekana kimeinama kinataka kuanguka, kumbe kimesimama wima. Palikuwa na sahani yenye tundu katikati, na tundu lenyewe halipo, ni rangi tu. Wageni wa mwisho wa juma kutoka Dar walivinunua wakicheka, na wazee wa mtaa wakipita walivuta audhubillahi, nusu utani nusu kweli. Abdillah mwenyewe alikuwa mteja kabla ya kuwa mchumba. Alinunua kikombe kilichoinama akakipeleka ofisi ya walimu, na kila mwalimu mgeni akawa anakimbilia kukidaka. Aliporudi kumsimulia Naila alikaa mpaka alasiri, na juma lililofuata akaja kununua kingine ambacho hakuwa na haja nacho. Wako watu ambao mapenzi yao huanza kwa macho kugongana. Ya hawa wawili yalianza kwa kikombe, macho yakafuata baadaye.

"Kaa, Abdillah," alisema Naila.

"Sikai. Nimetoka kwa mama sasa hivi."

Naila alifuta mikono kwenye khanga kuukuu aliyojifunga kiunoni. Aliifuta mara ya pili ingawa ilikuwa imekwisha kuwa mikavu.

"Anasemaje?"

"Anasema lile lile. Chombo chetu kimerudi kitupu, na sisi tumerudi. Kesho baada ya alasiri Mjomba Mikidadi atakuja kwenu kuvunja posa."

Neno lile Naila alikuwa amelisikia tangu Ijumaa, lakini lilikuwa limepita vinywa vya majirani. Kulisikia katika kinywa cha Abdillah ilikuwa habari nyingine kabisa.

Mambo yalikuwa hivi. Posa ilipokubaliwa, Bi Hajra, mama yake Abdillah, alileta halua katika bakuli lake jeupe la urithi. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba chombo cha watu hakirudishwi kitupu; ukikosa kabisa, utatia hata chumvi. Kwa wakwe ndiyo zaidi. Siku ambayo wanawake wa upande wa mume wangekuja kuweka siku ya nikaha, bakuli lilitakiwa kurudi kwao limejaa tende, na mama wa bwana harusi ndiye wa kuchukua tende ya kwanza. Akishaila, siku hutajwa.

Sasa Naila, kwa kuwa hawezi kuacha kitu kikae kilivyo, alifinyanga bakuli la pili, pacha wa lile la Bi Hajra, na ndani yake akachora tende. Alizichora kwa subira, kila moja na mng'ao wake, na mikunjo yake, na kivuli inachomwangushia mwenzake, mpaka bakuli likaonekana limejaa hadi ukingoni. Alitaka bakuli la uongo litangulie, wanawake washtuke, wacheke, kisha yeye aingie nyuma ya pazia atoke na lile la kweli lenye tende za kweli. Aliona ndiyo njia yake ya kuwaambia wakwe: mimi ni huyu, kazi yangu ni hii, nipokeeni nayo.

Kicheko kilikuja, ila hakikuwa kile. Bi Hajra alisema bismillahi, akanyoosha mkono, kucha zikagonga bakuli. Akapapasa. Akapapasa tena, vidole vikauzunguka ukingo wote, na hapo ndipo wifi yake Mwaija, ambaye hajui kunong'ona, aliposema, "Hajra, hizo ni za rangi, zitakuvunja kucha." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Hajra aliinuka, akavaa buibui lake, akatoka. Bakuli la kweli halikupata kuvuka pazia. Mpaka leo lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kwa kawa, na Bi Shufaa, mama yake Naila, kila alipolipita alisema, "Nilikwambia, mkwe hafanyiwi mzaha." Alikuwa amelipita mara nyingi sana.

"Nataka uniambie wewe," alisema Abdillah. "Si mama, si shangazi Mwaija. Ulikusudia nini?"

"Nilikusudia wacheke."

"Walicheka."

"Nilikusudia acheke na yeye."

Abdillah aliweka begi chini. Macho yake yalikuwa mekundu, na Naila alitamani kuvuka ile hatua iliyobaki baina yao amfute vumbi la usoni, lakini mikono yake ilibaki kwenye khanga.

"Mama alinilea kwa sindano," alisema Abdillah. "Unalijua hilo. Baba alipofariki nilikuwa sijaanza hata madrasa. Kofia moja ilikuwa daftari, nyingine kiatu. Mjini hapa hakuna aliyemzidi kushona kofia, na hakuna aliyewahi kumwona akiomba. Mtu kama huyo, umkalishe mbele ya mawifi zake, umfanye mchezo."

"Sikumfanya mchezo, Abdillah."

"Basi alifanywa na nani?" Aliliona bakuli pacha kwenye rafu ya chini, akaliinua kwa mikono miwili. "Na hata kudanganya lenyewe halidanganyi. Niliposimama pale mlangoni niliona tende. Nikilileta karibu hivi, naona rangi. Mtu yeyote akikaribia anaona. Ndiyo maana walicheka, Naila. Wote walikwisha kuona, akabaki yeye tu."

Naila alikuwa na jibu tayari, akalimeza.

"Sema tena," alisema.

"Niseme nini?"

"Nipe bakuli."

Alilichukua, akaliweka chini, akasimama mbele yake kama anavyosimama kila siku anapofanya kazi. Naila huchora akiwa amefumba jicho moja. Alijifunza hilo mwenyewe, kwa kukosea: macho mawili yakitazama pamoja yanajua kipi kiko mbali na kipi kiko karibu, hayadanganyiki kirahisi, na ukikikaribia chombo tu yanakwambia hii ni rangi. Jicho moja halina mwenzake wa kuliuliza. Chombo chake kikishamdanganya yeye kwa jicho moja, kutoka karibu kabisa, ndipo hukipeleka tanuri. Sasa alifumba jicho la kushoto, akainama, akanyoosha mkono. Tende zilikuwa pale. Zilikuwa pale mpaka vidole vilipogonga.

Akafumbua jicho. Zikawa rangi.

Mambo mengine yakamjia bila kuitwa. Siku ile alimsalimu Bi Hajra kwa kumpa mkono, akiwa upande wake wa kushoto, na mkono ukabaki hewani mpaka ukaona haya. Wote walisema ni kiburi. Bi Hajra alipomiminiwa kahawa alikishusha kikombe ukingoni mwa sinia, kikapinduka. Wote walisema ni hasira.

"Naila, vipi?"

"Mama yako..." alianza, akanyamaza. Neno kama lile halitupwi tu hewani, na kama lilikuwa kweli, basi lilikuwa na mwenyewe. "Mama yako yuko nyumbani?"

"Yupo. Hataki kukuona."

"Bakuli lake liko hapa kwetu. Chombo ni chake, lazima kirudi. Nitakipeleka mwenyewe."

"Usiende kumwongezea."

"Siendi kumwongezea."

Walitazamana. Abdillah ndiye aliyeinamisha macho kwanza. "Mimi napita kwa Mjomba Mikidadi," alisema. "Nikirudi nyumbani nikukute umemwambia neno moja la kumtuliza, Naila. Moja tu. Nami nitapigana na waliobaki wote."

Haikuwa mbali. Naila alijitanda, akalifunga bakuli kwa khanga mpya pamoja na kawa yake, akapita nyuma ya nyumba za mawe ambako watu wa kumwuliza maswali ni wachache. Mlango wa Bi Hajra ulikuwa wazi. Mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kizingiti, mahali penye mwanga wa kutosha, na kofia nyeupe mapajani. Mkono mmoja ulishika sindano, mwingine uzi.

Uzi ulipita kando ya sindano. Bi Hajra aliulamba, akaunyoosha, akajaribu. Ukapita kando tena, na mara hii alishusha sindano mbele ya pua yake na uzi nyuma yake, viwili hivyo vikatafutana bila kukutana. Naila alikuwa amesimama mlangoni upande wa kushoto wa mama yule, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, na Bi Hajra hakugeuka.

Naila alirudi nyuma taratibu mpaka barabarani. Akavuta pumzi, akapaza sauti kama muuza samaki.

"Hodi. Hodi hapa."

Palipita kitambo. "Karibu," sauti ilisema.

Alipoingia, kofia haikuwapo mapajani na sindano haikuonekana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Hajra hakumtazama. "Umefuata nini?"

"Nimeleta chombo chako." Naila alipiga magoti, akaliweka bakuli juu ya mkeka, akaiondoa khanga, akaacha kawa juu. "Kilikuwa nyuma ya pazia siku ile. Nilitaka kukileta baada ya ule upuuzi wangu. Sikuwahi."

"Kina nini?"

"Tende."

"Za rangi ipi?"

Naila alistahili hilo, akalipokea. "Nakuomba radhi, mama. Nilitaka nikufurahishe, nikakuaibisha. Sina cha kujitetea."

Mikono ya Bi Hajra ilikuwa midogo, migumu vidoleni, na sasa ilishikana yenyewe kwa yenyewe.

"Ulisimama mlangoni kabla ya hodi," alisema.

Naila aliinamisha macho.

"Nilisikia viatu vyako vinakuja, vikanyamaza, vikaondoka. Kisha ukaja na kelele zako. Kwa nini ulirudi nyuma?"

"Nilitaka upate nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kuficha sindano, mama."

Mahali pengine mtu mzima akiambiwa hivyo na mtoto hupiga ukelele. Bi Hajra aliinama tu, akaivuta kofia kutoka chini ya mto. Ilikuwa kazi ya ajabu. Viua vilikuwa vidogo, vimepangana safu kwa safu kama shanga, upande mmoja, wa pili, wa tatu. Upande wa nne ulikuwa umeshonwa ukafumuliwa, ukashonwa ukafumuliwa, mpaka kitambaa kimechoka. Viua vyake vilikuwa vimetawanyika ovyo.

"Unajua hii ni ya nani?" aliuliza Bi Hajra.

"Ya Abdillah."

"Katika nyumba hii bwana harusi huvaa kofia ya mkono wa mama yake. Baba yake alivaa ya mama yake, na babu yake vivyo hivyo. Hainunuliwi, haiazimwi, wala mama hamaliziwi na mwingine. Nimekaa nayo tangu siku aliponiambia habari zako. Ningekuwa na macho yangu, ingekwisha zamani."

"Ni lipi, mama?"

"La kushoto limekufa kabisa. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Presha ya macho, wamesema." Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya unga. "Wewe umejuaje?"

"Kwa bakuli. Mimi nikichora hufumba jicho moja. Mwenye mawili akikaribia hadanganyiki."

"Kwa hiyo wale wote waliona."

"Waliona, mama."

"Nami nikatia mkono mpaka ndani." Bi Hajra alitikisa kichwa polepole. "Nilidhani ni zako zote zile hila. Nikadhani umenijua, ukaniwekea mtego watu waone. Nilitoka pale na hasira, Naila, wallahi, hasira ya kweli. Lakini nilipofika hapa nikakaa mkekani, nikajikuta nashukuru. Unanielewa? Nilikuwa natafuta sababu ya kusogeza siku, nawe ukanipa sababu ya kuivunja kabisa. Kofia haiishi. Bora waseme Hajra ana kiburi kuliko waseme Hajra haoni."

Naila alihisi machozi yanampanda, na hakujua kama ni ya huruma au ya uchungu. Maisha yake yote ya baadaye, watoto ambao alikwisha kuwapa majina kimoyomoyo, nyumba yenye ua na tanuri, vyote vilikuwa vimekwama kwenye upande mmoja wa kofia.

"Mwambie Abdillah," alisema. "Mwambie wewe mwenyewe. Atakuelewa."

"Ataelewa nini? Ataacha shule ya Miono kesho asubuhi aje anishike mkono kunipeleka msalani. Mama yangu alipofuka, watoto tulimhamisha kama mkeka. Mwezi huu kwa huyu, mwezi ule kwa yule, na kila mmoja akisema ni zamu ya mwenzake. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimwambia dada yangu kwa kinywa hiki, mchukue, mimi nina wageni. Alisikia. Macho ndiyo yalikuwa yamekufa, masikio yalikuwa mazima."

"Na dawa, mama? Hawakukupa dawa?"

"Walinipa ya matone. Wakasema hili la kushoto halirudi, ila la kulia laweza kushikiliwa nikitia kila siku."

"Unatia?"

Bi Hajra alianza kupangusa mkeka kwa kiganja.

"Mama, unatia?"

"Chupa ikikaa hapa mezani ataiona. Ana tabia ya kusoma kila kitu chenye maandishi, yule. Tangu mtoto."

Naila alielewa, na alipoelewa akaogopa kuliko alivyoogopa siku zote zile. Mwanamke huyu alikuwa anaacha jicho lake la pili lizimike ili mtu asijue kwamba la kwanza limezimika.

"Niapie hutamwambia," alisema Bi Hajra. Alinyoosha mkono kumshika Naila, ukapita pembeni. Naila akausogeza wake ukaufuata, kimya kimya, mpaka ikakutana. "Najua ukimwambia utashinda. Atakuja hapa akilia, posa itarudi, na wewe utakuwa umesafishika. Una haki ya kumwambia. Lakini nakuomba unisitiri."

"Siapi, mama. Lakini halitatoka kinywani mwangu. Macho ni yako na neno ni lako." Aliufunika mkono wa Bi Hajra kwa mkono wake wa pili. "Na Mjomba Mikidadi aje kesho, kama ni lazima aje. Nitamwambia mama yangu asibishane. Ila nakuomba kitu kimoja. Tia dawa. Ifiche chupa kwangu kama unataka, niwe nakuletea. Usinipe Abdillah, lakini tia dawa."

Bi Hajra aligeuza kichwa chote, kama wanavyofanya watu waliobakiwa na jicho moja, na kwa mara ya kwanza tangu posa alimtazama Naila usoni. Alimtazama kwa muda mrefu. Alionekana anataka kusema kitu, na huenda angekisema, kama si sauti ya Abdillah mlangoni.

"Assalaam alaykum."

Kofia ilirudi chini ya mto. Abdillah aliingia, akaona bakuli limefunikwa baina ya wanawake wawili, akaona macho ya Naila yana maji, na uso wake ukapata tumaini ambalo lilikuwa gumu kulitazama.

"Mmezungumza," alisema.

"Tumezungumza," alijibu mama yake.

Alichuchumaa mbele ya Naila. "Mwambie mama mbele yangu, nisikie. Mwambie hukukusudia kumcheka. Mweleze ilivyokuwa, kwa nini ulifanya vile. Najua kuna maelezo. Wewe hufanyi kitu bila maelezo."

Naila alimtazama kijana huyu aliyempenda, kola imepauka kwa jua, chaki imeganda kwenye kidole cha shahada. Ilikuwa sentensi fupi tu. Mama yako haoni. Angeisema, kesho Mjomba Mikidadi asingekuja.

"Nilikosea," alisema. "Sikufikiri."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Naila, nimekuomba neno moja."

"Nimelisema. Nimekosea, na nimemwomba mama radhi. Sina jingine."

Abdillah aliinuka. Tumaini lilikwisha usoni mwake na mahali pake pakaja uchovu. "Nilidhani utapigania," alisema kwa sauti ya chini. "Nimegombana na Mjomba njia nzima kwa ajili yako. Nimemwambia Naila ana sababu, msubirini. Kumbe mimi peke yangu ndiye niliyekuwa napigana."

Naila alikunja khanga yake. Aliikunja vibaya, akaiacha hivyo hivyo.

"Kwaheri, mama," alisema.

Naila alitoka mpaka barazani, akainama kutafuta viatu vyake. Hakuviona vizuri kwa machozi. Alikuwa ameingiza mguu mmoja aliposikia sauti ya Bi Hajra ndani, tulivu kabisa, sauti ya mtu anayeomba apitishiwe maji.

"Abdillah. Chini ya mto hapo pana kofia na sindano. Nitilie uzi."

Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kuigusa sindano ya Bi Hajra. Abdillah alipokuwa mtoto alichapwa kwa kuigusa, na alipenda kulisimulia.

"Mama, tangu lini mimi..."

"Nitilie uzi, mwanangu."

Naila alisikia mkeka ukilia, kisha kimya cha mtu anayetunga uzi.

"Haya. Shika."

Naila alisikia mkono ukipapasa mkeka.

"Mama. Nimekupa. Shika."

"Iko wapi?"

"Si hii hapa."

"Wewe umekaa wapi?"

"Nimekaa hapa, mama. Upande wako huu wa kushoto."

"Basi hapo sikuoni," alisema Bi Hajra. "Tangu kabla ya Ramadhani sikuoni ukikaa hapo."

Naila alishika mwimo wa mlango. Alitaka kuondoka, kwa kuwa mambo yale hayakuwa yake tena, na mguu wenye kiatu ulikuwa tayari, ila ule mwingine haukukubali.

"Zile tende wote waliziona ni za rangi," Bi Hajra aliendelea. "Mimi peke yangu niliziamini. Mwenzio amejua leo hii, na nimemwomba anyamaze, akanyamaza. Amekaa hapa ukamlaumu, na sentensi moja ilikuwa imuokoe, asiiseme. Ameniomba kitu kimoja tu, nacho hakikuwa wewe."

"Mama," alisema Abdillah, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena. "Mama, kwa nini?"

"Tutalia baadaye. Muda upo. Mwite kwanza."

Abdillah aliinuka kwa haraka.

"Polepole," mama yake alimzuia. "Hajaenda popote. Viatu vyake sijavisikia vikiondoka. Naila, ingia ndani. Umekuja kwangu na chombo, unataka kutoka mikono mitupu nionekane sina adabu?"

Naila alivua kile kiatu kimoja. Abdillah alikuwa amesimama katikati ya chumba na machozi usoni, hakujifuta, na walipopishana alimgusa ncha ya khanga kama mtu asiyeamini kwamba ana ruhusa. Naila alikwenda akakaa upande wa kushoto wa Bi Hajra, pale pasipoonekana, akaegemeza bega lake kwenye bega lake ili ajulikane yupo.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Ondoa kawa."

Naila aliondoa. Bi Hajra alisema bismillahi. Mkono wake ulikwenda juu ya bakuli ukasita hapo hapo, vidole vimekunjika kidogo, na Naila aliona woga wa siku ile ukirudi kwenye vidole vile. Hakumsaidia. Aliona si haki yake kumsaidia katika hilo.

Mkono ulishuka, ukashika tende.

Bi Hajra aliila bila haraka, nao wakamngoja. Alipomaliza alitoa kokwa, akaifumbata kiganjani, akaunyoosha mgongo wake.

"Haya," alisema. "Tajeni siku. Isiwe karibu sana, kofia bado upande mmoja."